Tope la bahari na meno ya msumeno: mchoro niliouamini kupita kiasi

Miaka miwili iliyopita, kwenye semina yetu ya Alhamisi, nilionyesha mchoro niliokuwa naupenda kuliko yote. Ni mchoro wa Jean-Pierre Valet na Laure Meynadier, uliotoka katika jarida la Nature mwaka 1993, unaoeleza nguvu ya uga wa sumaku wa dunia kwa miaka milioni 4 iliyopita. Mstari unapanda ghafla, unashuka taratibu, unafika chini kabisa, ncha za sumaku zinageuka, halafu unapanda ghafla tena. Ukiutazama kwa mbali, ni meno ya msumeno. Nilimaliza, nikapigiwa makofi, kisha mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza wa uzamili akanyoosha mkono kule nyuma: "Kaka, samahani. Huo uga unajuaje mapema kwamba safari hii utakaa muda mrefu?"

Watu wakacheka. Nami nikajibu kitu kuhusu chuma kilichoyeyuka kinachozunguka ndani ya kiini cha dunia, jibu refu lisilo na kitu ndani. Ukweli ni kwamba lile lilikuwa swali bora kuliko mada yangu yote. Hapa najaribu kulijibu vizuri. Kwa sehemu nitaikosoa makala ile ya 1993, na kwa sehemu kubwa zaidi nitatukosoa sisi tunaoibeba michoro ya namna hii na kuitembeza.

Lakini kwanza tuelewane tope linavyofanya kazi, maana bila hapo ukosoaji wote utaonekana ni chuki tu.

Tope linarekodi nini hasa?

Leo uga wa sumaku juu ya uso wa dunia una nguvu ya kama mikrotesla 30 kwenye ikweta na kama 60 karibu na ncha. Tunajua hivyo kwa sababu tunaupima. Aliyeonyesha jinsi ya kupima nguvu yake halisi, si mwelekeo tu, ni Carl Friedrich Gauss, mwaka 1832. Kabla ya hapo hakuna kipimo cha binadamu, kwa hiyo inabidi tuyaulize mawe. Lava ni shahidi mzuri: inapopoa inashika usumaku kwa namna tunayoielewa vizuri, na maabara tunaweza kuichoma upya na kupata nguvu ya uga wa wakati ule kwa namba kamili. Tatizo ni kwamba volkano hulipuka ikitaka. Unaweza kupata lava tano ndani ya karne moja, kisha kimya cha miaka laki moja.

Bahari ya kina haina tabia hiyo. Vumbi, udongo wa mito na maganda ya viumbe wadogo vinashuka kila siku, mwaka hadi mwaka. Mahali pengi sentimita 1 ya tope ni kama miaka 1,000. Ndani ya tope hilo kuna chembe za magnetaiti, na kila chembe ni sindano ndogo ya dira. Zikishuka zinajaribu kuelekea kule uga unakoelekea, kisha zinafunikwa na kubaki hivyo. Uga ukiwa na nguvu, sindano nyingi zaidi zinakubaliana. Ukiwa dhaifu, zinalala ovyo ovyo. Vuta nguzo ya tope kutoka sakafuni mwa bahari, pima usumaku wake kutoka juu kwenda chini, na una kitabu cha historia.

Hivyo ndivyo tunavyosimulia, na hivyo ndivyo nilivyosimulia mimi. Ina shimo kubwa. Ukifanya hesabu ya chembe ya magnetaiti yenye ukubwa wa mikroni 1 ikielea kwenye maji matulivu, itajigeuza na kuufuata uga wa dunia kwa muda wa kama sekunde moja. Kushuka kwake hadi sakafuni kunachukua siku nyingi sana. Maana yake, uga uwe mkali au uwe nusu ya wa leo, chembe zote zingefika chini zikiwa zimeshajipanga sawasawa, na tope lisingekuwa na taarifa yoyote ya nguvu! Kitabu kingekuwa na ukurasa mmoja unaojirudia.

Tope halisi haliko hivyo, usumaku wake ni mdogo mno kulinganisha na hesabu hiyo. Jibu ambalo watafiti wengi sasa wanalikubali ni mabonge. Udongo wa mfinyanzi ukikutana na maji ya chumvi unagandamana. Aliyewahi kuona maji mekundu ya Rufiji yakikutana na bahari anajua tope linavyokatika na kuzama haraka pale chumvi inapoanza. Chembe ya magnetaiti inanaswa ndani ya bonge, na bonge ni zito, linaburutwa na maji, halijigeuzi kirahisi. Mabonge makubwa hayasikii uga kabisa; madogo yanasikia kidogo. Lisa Tauxe na wenzake walilionyesha jambo hili kwa majaribio na hesabu mwaka 2006, na mimi naona ni moja ya kazi muhimu kabisa kwenye fani hii, ijapokuwa haina mchoro wa kupendeza. Kwa nini muhimu? Kwa sababu inasema kwamba usajili wa nguvu ya uga unategemea ukubwa wa mabonge, na ukubwa wa mabonge unategemea aina ya udongo na chumvi ya maji. Hayo hayana uhusiano wowote na kiini cha dunia.

Kisha kuna minyoo. Sentimita 10 hivi za juu za tope la bahari zinachimbuliwa na kuchanganywa na viumbe kila wakati. Kwa hiyo mwelekeo wa chembe haufungwi siku ileile zinapotua, unafungwa baadaye, chini zaidi. Yusuke Suganuma na wenzake walilinganisha usumaku na berili-10 kwenye tope lilelile (berili-10 nitaieleza mbele) wakaona usumaku umechelewa kwa kama sentimita 15. Piga hesabu: kwa kasi ya sentimita 1 kwa miaka 1,000, hiyo ni miaka 15,000 ya kuchelewa.

Kura na daftari

Sasa tufike kwenye hatua ambayo kila mtu anaipita haraka, nami sitaipita.

Kipande kimoja cha tope kina usumaku mkubwa kuliko kingine. Ni kwa sababu uga ulikuwa na nguvu, au kwa sababu tu kina magnetaiti nyingi? Fikiria mgombea aliyepata kura 900 kituo cha kwanza na 300 kituo cha pili. Bila kujua waliojiandikisha ni wangapi, huwezi kusema anapendwa wapi zaidi. Lazima ugawanye. Kwa tope, kura ni usumaku wa asili uliomo, na daftari la wapigakura ni kipimo kingine tunachokifanya maabara: tunakitia kipande usumaku mpya kwa uga tunaoujua sisi, au tunapima tu jinsi kinavyoitikia uga mdogo, ili tujue kina uwezo kiasi gani. Asili gawanya kwa maabara, na hiyo ndiyo "nguvu ya kulinganisha". Neno kulinganisha si pambo. Tope haliwezi kukwambia mikrotesla ngapi, linakwambia tu kwamba hapa ni mara mbili ya pale. Ili kupata namba kamili inabidi urudi kwa lava ukaazime kipimo.

Sasa, daftari lina masharti. Waliomo wawe ndio wanaopiga kura. Kama daftari limejaa watu waliohama au waliofariki, asilimia zako ni za uongo. Kwenye tope vilevile: kipimo cha maabara kinapaswa kuamsha chembe zilezile zilizobeba usumaku wa asili. John King, Subir Banerjee na James Marvin waliweka masharti mwaka 1983: kibebaji kiwe magnetaiti, ukubwa wa chembe uwe mikroni 1 hadi 15, na kiasi chake kisipande na kushuka kupita kiasi. Miaka kumi baadaye Tauxe, katika mapitio yake makubwa ya 1993, alikaza zaidi: mabadiliko ya kiasi yasizidi mara 10 hivi.

Ni masharti mazuri lakini yameandikwa kana kwamba magnetaiti yote ni ndugu. Tangu Richard Blakemore alipowatangaza bakteria wa sumaku mwaka 1975 tunajua kwamba baadhi ya magnetaiti ya baharini imetengenezwa na viumbe hai, kwa minyororo nadhifu kabisa. Minyororo hiyo inashika usumaku kwa ufanisi mkubwa kuliko chembe zilizoletwa na upepo na mito. Chakula kikiongezeka baharini, bakteria wanaongezeka, na kwa daftari lilelile kura zinapanda. Mtafiti ataandika kwamba uga uliongezeka nguvu. Kumbe ni chakula.

Nguzo za mlangoni kwetu

Kabla ya meno ya msumeno kulikuwa na kazi nyingine ambayo watu wa pwani hii tungepaswa kuijua zaidi. Mwaka 1992 Meynadier, Valet na wenzao, akiwemo Nicholas Shackleton aliyebobea kwenye umri wa mashapo, walichapisha historia ya nguvu ya uga kwa miaka 140,000 kutoka nguzo za tope zilizovutwa na meli ya Kifaransa Marion Dufresne katika Bonde la Somalia, yaani bahari kuu ileile inayopiga ufukwe wetu. Nguzo zilikuwa zaidi ya moja, zikakubaliana, na zilionyesha uga ukishuka sana karibu na miaka 40,000 iliyopita. Huo mshuko sasa unaonekana duniani kote na unaitwa Laschamp, kwa jina la mahali huko Ufaransa lava zake zilipopatikana.

Kwangu hii ndiyo kazi ya mfano. Muda ni mfupi, kwa hiyo hakuna mgeuko kamili wa ncha ndani yake. Nguzo ni jirani, kwa hiyo kutofautiana kungeonekana. Na dai ni la kiasi: hapa uga ulidhoofika. Shahidi mwingine anaweza kuja kulithibitisha, na amekuja. Miale ya kosmiki ikigonga hewa ya juu inatengeneza berili-10. Uga ukidhoofika, miale mingi inapenya, na berili-10 inaongezeka. Inapotua baharini haijali mabonge wala sindano za dira. Na karibu na Laschamp, berili-10 inapanda kama inavyotakiwa.

Sasa meno yenyewe

Mwaka mmoja tu baada ya Bonde la Somalia, Valet na Meynadier wakaja na miaka milioni 4. Tope lilitoka mashariki mwa Pasifiki, karibu na ikweta, kwenye visima vilivyochimbwa katika safari ya 138 ya mradi wa kimataifa wa uchimbaji wa bahari. Dai lilikuwa na sehemu mbili, na ni vizuri kuzitenga.

Ya kwanza: baada ya kila mgeuko uga unapona haraka, kisha unafifia polepole mpaka mgeuko unaofuata. Ya pili, na ndiyo iliyonifanya nipigiwe makofi: kadiri uga unavyopona kwa nguvu, ndivyo kipindi kinachofuata kinavyodumu. Jino refu, maisha marefu. Kama chombo kinachojazwa mafuta kisha kinatembea mpaka yaishe.

Angalia uzito wa hilo dai la pili. Kipindi cha Olduvai, kilichopewa jina la bonde letu baada ya Sherman Grommé na Richard Hay kupima basalti ya pale na kuchapisha mwaka 1963, kilidumu kama miaka 180,000. Kipindi chetu cha sasa, Brunhes, kina miaka kama 780,000 na bado kinaendelea. Dai linasema kwamba ndani ya miaka elfu chache ya mwanzo, uga ulikuwa umeshabeba taarifa ya muda wake wote. Kiini cha nje cha dunia ni chuma cha moto kinachochemka na kupinduka. Kukumbuka jambo kwa miaka laki saba si tabia ya kitu kama hicho. Haimaanishi haiwezekani. Inamaanisha ungetaka ushahidi wa nguvu kweli kweli kabla ya kulipokea.

Yvo Kok na Lisa Tauxe mwaka 1996 walikuja na maelezo yanayouma kwa jinsi yalivyo rahisi, na Alain Mazaud mwaka huohuo alitoa wazo la familia hiyohiyo. Si chembe zote zina msimamo. Zipo zinazozoea. Ziache kwenye uga wa mwelekeo mmoja kwa muda mrefu na polepole zinaufuata, hata kama zilishafungwa. Nitauita usumaku wa mazoea.

Chukulia watu wanaohamia mji. Aliyefika mwanzoni anakaa miaka mingi na lafudhi ya pale inamkolea. Aliyefika juzi hajaipata. Sasa siku moja mji mzima unahamishiwa mahali penye lafudhi ya kinyume. Yule wa mwanzo ana akiba kubwa ya lafudhi ya zamani. Yule wa juzi hana akiba, na anaanza moja kwa moja kufunikwa na lafudhi mpya.

Tope ni hivyohivyo. Tabaka lililotua mara tu baada ya mgeuko limeishi karibu kipindi kizima chini ya uga wa mwelekeo wake, kwa hiyo linaongezewa usumaku wa mazoea upande wake. Tabaka lililotua karibu na mwisho wa kipindi halikupata muda. Uga ukageuka juu yake, na mazoea mapya yakaanza kulipunguzia. Matokeo: usumaku ni mkubwa baada tu ya mgeuko, unapungua taratibu, na ni mdogo kabla tu ya mgeuko ujao. Meno ya msumeno, hata kama uga wenyewe haukubadilika nguvu hata kidogo! Na kipindi kikiwa kirefu, tabaka lake la kwanza limezoea kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo jino lake ni refu zaidi.

Basi uga haukuhitaji kujua chochote mapema. Tope ndilo lililokaa muda mrefu baadaye. Yule mwanafunzi alikuwa ameligusa jeraha lenyewe.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Valet na Meynadier hawakuwa wazembe. Walifuata masharti ya fani kama yalivyokuwa, na mwaka uliofuata walionyesha umbo hilohilo likitokea kwenye tope la Bahari ya Hindi pia. Shida ni kwamba masharti yote yale yanalinda daftari, yaani sehemu ya chini ya mgawanyo. Ubadilishe kipimo cha maabara mara tatu, vyote vikubaliane, bado hujagusa kosa lililo juu, ndani ya kura zenyewe. Na kukubaliana kwa bahari mbili hakusaidii kama tope la bahari zote mbili lina tabia ileile ya kuzoea, na limepitia migeuko ileile kwa tarehe zilezile. Mashahidi wawili waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Dawa inayojulikana ni joto. Desturi ilikuwa kusafisha vipande kwa uga unaopwita huku na huku ukipungua, ambao ni wa haraka na unaruhusu kupima nguzo nzima bila kuikata. Lakini chembe zenye ukaidi mkubwa zinaweza kubaki na mazoea yao baada ya usafi huo. Kuchoma kwa hatua, nyuzi chache chache, kunayafuta vizuri zaidi. Kok na Tauxe walipofanya hivyo kwa mashapo ya ikweta ya Pasifiki, matokeo yao yaliyochapishwa 1999 hayakuonyesha meno yale. Mabishano yaliendelea miaka kadhaa, kwa majibu na majibu ya majibu, na ukiyasoma utaona wote wawili wana hoja: joto nalo linaweza kubadilisha madini na kuzalisha magnetaiti mpya ndani ya kipande.

Je, kuna kilichobaki? Nadhani kipo. Mwaka 2005 Valet, Meynadier na Yohan Guyodo waliunganisha nguzo za bahari mbalimbali kuwa mstari mmoja wa miaka milioni 2, unaoitwa Sint-2000. Hapo sheria ya jino refu maisha marefu haiko tena mbele. Wanasema mambo mawili ya kiasi zaidi: wastani wa nguvu ni mkubwa katika zama zenye migeuko michache, na uga huanza kushuka miaka 60,000 hadi 80,000 kabla ya mgeuko, kisha unapona ndani ya miaka elfu chache. Lakini migeuko iliyomo ni 5 tu, na wastani wa nguzo nyingi unaondoa makosa ya bahati nasibu, hauondoi kosa ambalo nguzo zote zinalo. Kilichonishawishi mimi ni shahidi asiye tope kabisa: sakafu ya bahari yenyewe, ile miamba ya volkano inayozaliwa kwenye migongo ya katikati ya bahari na kushika usumaku ikipoa. Margaret Avery, Jeffrey Gee na Catherine Constable waliichambua mwaka 2017 wakaona nao kwamba uga hukua haraka kuliko unavyofifia. Basalti haina minyoo wala mabonge. Kwa hiyo kutolingana kwa kupanda na kushuka, kwa maoni yangu, kumesimama. Sheria ya muda haijasimama, na sitaionyesha tena.

Mfano mwingine, wa heshima zaidi

Niongeze kisa kimoja kwa sababu kinaonyesha ukosoaji mzuri unavyofanana. Mwaka 1998 Jim Channell na wenzake walichapisha katika Nature kwamba nguvu ya uga, kwenye tope la kusini mwa Iceland, inapanda na kushuka kwa midundo ya mzunguko wa dunia, hasa ule wa miaka 41,000 wa kuinama kwa mhimili. Habari kubwa sana: jua na sayari zinaendesha kiini cha dunia! Miaka miwili baadaye Guyodo na Philippe Gaillot, pamoja na Channell mwenyewe, wakachambua tope la kisima kimojawapo kwa hesabu kali zaidi, wakakuta kwamba midundo ile inatokea pale ambapo daftari nalo lina midundo hiyohiyo. Yaani ni tabianchi iliyobadilisha ukubwa wa chembe, ikapenya kwenye mgawanyo. Mtu aliyeweka jina lake kwenye dai akaweka jina lake kwenye marekebisho. Kwenye semina zetu tunazungumzia makala ya kwanza. Ya pili nimewahi kuisikia ikitajwa mara moja.

Na ile video ya WhatsApp

Wengi wenu mmetumiwa ile video, au moja ya ndugu zake: uga wa sumaku umepungua karibu asilimia 9 tangu miaka ya 1840, mchoro wa meno unaonyesha tunashuka, kwa hiyo ncha zitageuka wakati wowote. Mjomba alinitumia mara mbili, ya pili akiwa ameandika "wewe si ndiyo kazi yako hii?"

Ni kazi yangu, mjomba, na hesabu ni hii. Kupungua kwa asilimia 9 ni kweli, vipimo vya tangu enzi za Gauss vinaonyesha. Lakini miaka 180 kwenye tope la sentimita 1 kwa miaka 1,000 ni chini ya milimita 2, na minyoo inachanganya sentimita 10. Mshuko tulioupima sisi kwa ala hauwezi kuonekana kwenye tope la namna hiyo hata kama ungetokea mara elfu huko nyuma. Kuubandika kwenye mkia wa mchoro wa miaka milioni ni sawa na kuchukua hatua moja ya mtu akitembea ndani ya basi na kusema basi limeanza kurudi nyuma. Zaidi ya hapo, kwa kipimo cha Sint-2000 chenyewe, kilichoazimwa kutoka kwa lava, wastani wa kipindi cha Brunhes ni kama 7.5 kwa vizio vinavyotumika, na kati ya miaka milioni 1.2 na laki 8 iliyopita ulikuwa kama 5.3. Uga wa leo ni kama 7.7. Tunashuka, ndiyo, kuelekea kwenye kawaida.

Sisemi hivi kwa kuwadharau watengeneza video. Mchoro walioutumia ndio ule ule niliouonyesha mimi, kwa mbwembwe zilezile, bila neno moja kuhusu mazoea wala mabonge. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimesoma.

Kuna jambo la mwisho linalonihusu. Tope la tasnifu yangu, vipande 140 kutoka nguzo moja inayovuka mgeuko mmoja, nililisafisha lote kwa uga unaopwita. Matokeo yana jino zuri sana, na nilishaandika sura nzima juu yake. Kuyachoma si rahisi: vipande viko kwenye vikasha vya plastiki vinavyoyeyuka, inabidi nivitoe kimoja kimoja, nivikaushe taratibu visipasuke, nivifunge kwenye kitu kinachostahimili moto, na baada ya kila hatua nipime mwitikio wake wa sumaku nijue kama madini yamebadilika. Msimamizi wangu aliposikia aliuliza tu, "Umejiandaa jino likipotea?" Nikamwambia sijui. Vipande 12 vya kwanza, 6 vya kabla ya mgeuko na 6 vya baada, vinaingia kwenye tanuri Jumatatu.